Nimepeleka Atco, nikarudishiwa "Mmarekani"

Nilitaka kuwapa mafundi hawa wa mashine za kukata nyasi nyota nne. Visu vya Atco yangu, mashine ya Kiingereza, wamevinoa barabara: ukipitisha gazeti kati ya silinda ya visu inayozunguka na kisu cha chini, linakatika safi toka ukingo hadi ukingo, na kazi hiyo si kila fundi anaiweza. Shida ni kwamba jamaa hawa huuza pia hati ya asili, yaani karatasi ya kusema mashine kuukuu iliundwa wapi na lini.

Hati yao inasema yangu ni ya Marekani, mwaka 1979. Ushahidi? Injini ya Briggs & Stratton, kampuni ya Milwaukee, Marekani. Kuuliza tu, yule kijana wa kaunta akagonga kibandiko cha injini: "Mzee, si imeandikwa Milwaukee hapo? Au hukuja na miwani?"

Miwani ninayo! Injini ndiyo hubadilishwa kwanza kwenye mashine hizi. Ile "Code" iliyogongwa juu yake ni tarehe ya injini peke yake: 790614 ni Juni 14, 1979, na fremu haimo humo. Tazama bamba linalobeba injini. Kuna matundu ya zamani yasiyo na bolti, yenye kutu ndani, na pembeni mapya yenye kingo kali. Charles H. Pugh wa Birmingham walianza kuunda Atco mwaka 1921, na nyingi za zamani zilifungwa injini ya Villiers ya Wolverhampton. Hiyo ikifa, watu hupachika chochote kinachopatikana.

Kisha pima nyuzi za bolti za fremu. Nyuzi za Whitworth, kipimo cha Uingereza, zina pembe ya digrii 55, za Marekani (UNC) 60. Usihesabu nyuzi kwenye bolti ya 1/4, 5/16 wala 3/8. Kwa inchi moja ni 20, 18 na 16 kote kote, utajidanganya. Ya 1/2 ndiyo inayosema: Whitworth 12, UNC 13. Geji ya nyuzi haizidi bei ya hati yao, nina hakika.

Hayo yote ningeyameza. Kinachoniuma ni kibati. Kilikuwa na jina Atco na namba. Wametoboa riveti, wakakitupa, wakajaza puti na kupaka kijani juu. Eti kilikuwa kimefifia. Kibati kilichofifia hupakwa chaki na kufutwa kwa kitambaa, namba zinabaki nyeupe ndani ya mikwaruzo. Kweli, kibati huweza kuhamishwa toka mashine nyingine, ndiyo maana unakilinganisha na bolti na namba zilizosubiwa, yaani zilizoumbwa pamoja na chuma chenyewe. Hukitupi.

Nyota mbili basi, kwa ajili ya visu.

Hapana, moja. Nimekwangua rangi ubavuni: walipitisha grainda hata juu ya namba za kusubu, imebaki nusu ya tarakimu moja. Chuma kile kilihitaji dawa ya kutoa rangi na brashi ya waya wa shaba tu. Na wasije wakatumia kostiki soda kwenye vipande vya aluminiamu, italiwa. Ukiwapelekea yako, ng'oa kibati kwanza ubaki nacho nyumbani.