Uzoefu wangu makumbusho ya sanaa ya Louisiana, Denmark: sanamu unazunguka mpaka mgongoni

Niseme kwanza mi ni mtoto wa mchonga vinyago. Baba katoka Mtwara kaja kuchongea Mwenge, Dar, sisi tumekua tunacheza kwenye vumbi la mpingo, kwa hiyo nikiingia makumbusho yoyote kitu cha kwanza naangalia sanamu wameiwekaje, maana kwingine wanaibana ukutani unaona uso tu, na kwa baba kinyago usipokizunguka hujakiona.

Sasa mwezi wa 7 nilienda kumtembelea kaka angu Copenhagen, mi na mwanangu wa miaka 6, kaka akasema twendeni Louisiana. Nikadhani ni ile ya Marekani kumbe hapana. Ni jumba la kizamani liko Humlebæk, juu kabisa ya bahari, lilijengwa 1855 na bwana mmoja Alexander Brun ambaye alioa mara tatu na wake zake wote watatu waliitwa Louise, ndo jina likatokea hapo. Baadaye Knud W. Jensen, mfanyabiashara wa jibini, akalichukua akaligeuza makumbusho ya sanaa, wakafungua 1958.

Kufika rahisi sana, treni ya kwenda Helsingør kama dakika 35 hivi, unashuka Humlebæk unatembea kama dakika 10. Unaingilia kwenye lile lile jumba la zamani, kwa mbele linaonekana nyumba ya kawaida tu ya mtu mwenye uwezo, yaani huwezi kujua nyuma kuna nini. Ukishapita tiketi unaanza kutembea kwenye vikorido vya vioo, chini chini, upande huu miti upande ule nyasi, wasanifu wake Jørgen Bo na Vilhelm Wohlert hawakutaka jengo lishindane na miti, na mi naona walifanikiwa kwa sababu kila ukichoka na picha macho yanatoka nje yanapumzika halafu unaendelea. Mtoto hakulia hata mara moja, na huyu mwanangu kwenye foleni ya benki tu hatulii.

Halafu tukafika chumba cha Giacometti, mchonga sanamu wa Uswisi. Hapo nilisimama. Ni chumba kirefu kwenda juu, dirisha kubwa linaangalia kiziwa na miti, mbele yake wamesimama wale watu wembamba wembamba wa shaba, miguu mikubwa, vichwa vidogo, mmoja anatembea. Mi nikaona kinyago cha shetani cha Kimakonde kabisa! Sio kwamba kaiga, hapana, njia zao ni tofauti, baba anaondoa mti mpaka mtu abaki, huyu alikuwa anabandika udongo na kuukwangua ndo ikamiminwa shaba, ila ule wembamba, ile hali kwamba mtu amebaki roho tu, naijua tangu utotoni. Nikapiga picha nikamtumia baba WhatsApp. Akajibu kwa sauti, "Mgongo wake ukoje?"

Ntarudi hapo.

Nje ndo penyewe sasa. Bustani inashuka mpaka karibu na maji, bahari ya Øresund, ng'ambo unaiona Sweden, na sanamu ziko kwenye majani, jua linazipiga. Ipo ya Henry Moore, mchonga sanamu wa Uingereza, mtu amelala vipande viwili, ukiizunguka kuna mahali vile vipande vinakuwa kitu kimoja halafu ukisogea hatua mbili vinaachana, na katikati unaona bahari. Pale karibu na mgahawa kuna sanamu za Calder, msanii wa Marekani, vyuma vikubwa na juu vina vipande vinavyozunguka na upepo, mwanangu alikaa chini yake anasubiri upepo uje kama anasubiri daladala. Ndani kuna chumba cha Yayoi Kusama pia, msanii wa Japani, vioo na maji na taa nyingi zinaning'inia zinabadilika rangi, unaingia unahisi huna mwisho, kazuri kweli lakini kwangu hakafikii ile bustani.

Wenye watoto: chini ya miaka 18 ni bure, na kuna jengo lao la ghorofa tatu wanachora na kufinyanga, wetu alitoka na mtu wa udongo mwenye miguu mikubwa, si unajua alikomuona. Kiingilio cha mkubwa kwa hela yetu ni kikubwa, jipangeni, na mgahawani sisi tulikunywa kahawa tu. Jumatatu wanafunga. Jumanne hadi Ijumaa ni saa 5 asubuhi mpaka saa 4 usiku, mi nashauri mwende alasiri mkae mpaka jioni, kiangazi kule jua halizami mapema na ile mianga ya saa 2, saa 3 usiku kwenye shaba sijui niielezeje.

Basi kabla ya kuondoka nilimuachia kaka mtoto nikarudi kwa wale wembamba peke yangu. Nikazunguka taratibu nyuma yao, nikapiga mgongo, shingo, visigino, picha kama 20 hivi, nikamtumia baba zote. Alikaa kimya muda mrefu mpaka tuko kwenye treni, halafu ikaja sauti yake, anauliza huyo mzee alikuwa anatumia kisu gani.