Msimu mmoja kwenye kamera ya dereva wa pili

Kwa msimu mzima nililipia huduma ya kuangalia mbio za magari za Formula 1 kwa intaneti, ile inayomruhusu mtazamaji kuchagua kamera ya gari analolitaka na kusikiliza redio kati ya dereva na mhandisi wake. Kila timu ina madereva wawili, nami nilijiwekea sharti moja: nisikae na kinara wa timu yoyote, bali nimfuate mwenzake tangu taa za kuanzia zinapozimika hadi bendera ya mwisho. Tathmini hii nimeiandika nikiwa nimeketi upande huo. Anayetaka kujua tu kama picha ni safi nimjibu mapema kwamba ni safi, na redio husikika vizuri isipokuwa pale injini inapoimeza sauti ya dereva.

Jambo la kwanza unalojifunza ni kwamba amri ya wazi ya timu kumtaka dereva ampishe mwenzake ni nadra kuliko tunavyodhani. Sote tunaikumbuka Austria ya 2002, Rubens Barrichello wa Ferrari alipomwachia mwenzake Michael Schumacher ushindi mita chache kabla ya mstari, watazamaji wakazomea, na Schumacher akampandisha mwenzake kwenye ngazi ya juu kabisa ya jukwaa. (Faini ya dola milioni 1 iliyofuata haikutozwa kwa sababu ya amri yenyewe, ilitozwa kwa kuvuruga itifaki ya jukwaani.) Amri za namna hiyo zilipigwa marufuku kuanzia 2003, na kilichofuata ni timu kujifunza kusema kwa mafumbo. Huko Ujerumani mwaka 2010, Felipe Massa wa Ferrari aliyekuwa akiongoza hakuambiwa apishe. Aliambiwa kwamba mwenzake Fernando Alonso ana kasi kuliko yeye, kisha akaulizwa kama ameuelewa ujumbe. Aliuelewa, akapisha. Ferrari ililipa faini ya dola 100,000, na kufikia msimu wa 2011 marufuku yenyewe ilikuwa imeondolewa.

Lakini ubaguzi wa kila wiki haupiti kwenye amri, unapita kwenye zamu ya matairi, na hapo ndipo huduma hii ilipostahili malipo yangu. Gari linalotangulia kubadilisha matairi hurudi barabarani likiwa na mpira mpya huku mpinzani akiendelea kusota na uliochakaa, na tofauti hiyo katika mzunguko mmoja tu mara nyingi inatosha kugeuza nafasi. Timu haziwezi kuyahudumia magari mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo mmoja lazima atangulie, na kwa kawaida anayetangulia ni yule aliye mbele au yule anayewania ubingwa. Dereva wa pili huachwa nje aburuze matairi yake ili awacheleweshe wapinzani, au huitwa mapema mno kama chambo, ili timu pinzani ishtuke na kumwita dereva wake kabla ya wakati. Kwenye matangazo ya kawaida utaona tu kwamba ameshuka nafasi tatu na mtangazaji atasema leo hakuwa na kasi. Kwenye redio yake utasikia akiuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, kwa nini bado yuko nje.

Hali huwa chungu zaidi gari la usalama, lile linalopunguza mwendo wa wote kukiwa na hatari barabarani, linapoingia na magari yote mawili ya timu kuitwa pamoja. Nimeitazama picha hiyo mara kadhaa kupitia kamera iliyo juu ya kichwa cha dereva: mbele yake ni mgongo wa gari la mwenzake likiwa limeinuliwa, mafundi wameinama, naye amesimama nyuma yake huku wapinzani wakipita kando mmoja baada ya mwingine. Kubadilisha matairi yote manne huchukua kati ya sekunde mbili na tatu, lakini ukiwa wewe ndiye unayesubiri, sekunde hizo zina urefu mwingine kabisa. Mikono kwenye usukani haisogei.

Nilivunja sharti langu mara moja tu, kwa ajili ya mbio za Hungaria za 2024, ambazo nilizirudia kwa kamera za magari yote mawili ya timu ya McLaren. Oscar Piastri ndiye aliyekuwa akiongoza, ila timu ilimwita Lando Norris kwanza ili kumkinga dhidi ya waliokuwa nyuma, na zamu hiyo ikampeleka mbele ya mwenzake. Kilichofuata ni mizunguko mingi ya mhandisi kumbembeleza Norris arudishe nafasi, akimkumbusha kwamba ubingwa haushindwi peke yako na kwamba siku moja atamhitaji Oscar. Alipisha ikiwa imebaki mizunguko michache mno, kwenye mzunguko wa 68 kati ya 70, na Piastri akapata ushindi wake wa kwanza. Ukisikiliza upande mmoja tu utamhukumu mtu asiyestahili. Ukisikiliza pande zote mbili utaona kwamba tatizo lilizaliwa na uamuzi wa timu kwenye zamu ya matairi, nao madereva wakaachiwa kulimaliza.

Sisemi kwamba timu zinakosea kila mara. Mwenye nafasi ya kuwa bingwa ni mmoja, na Sergio Pérez wa Red Bull alipomzuia Lewis Hamilton kule Abu Dhabi mwaka 2021 kwa faida ya mwenzake Max Verstappen, hakuna aliyemwita mnyonge. Ninachokataa ni kumbebesha mtu mzigo huo kisha kumpima kwa pointi zilezile za kinara. Kiti cha pili cha Red Bull kimekuwa kuti kavu kwa namna hiyo: Pierre Gasly aliondolewa baada ya mbio 12 mwaka 2019, na Liam Lawson baada ya mbio mbili tu mwaka 2025.

Sasa kasoro. Huduma yenyewe humtendea dereva wa pili kama mtoto wa kambo. Muhtasari wa baada ya mbio humtaja akigonga ukuta au akimpisha mwenzake, basi. Hazina ya mbio za zamani nayo, kwa nyingi nilizozifungua, ina picha kuu tu bila kamera za magarini. Nilipotafuta Silverstone ya 2010, wikiendi ambayo bawa jipya la mbele lilitolewa kwenye gari la Mark Webber wa Red Bull akapewa mwenzake Sebastian Vettel, nilipata sauti ya Webber baada ya kushinda, akisema si vibaya kwa dereva namba mbili, lakini sikupata namna ya kukaa naye garini mizunguko yote. Ukurasa wa muda na kasi, kwa upande mwingine, ni bora kuliko nilivyotarajia, na mara nyingi niliutazama kuliko picha.

Kwa anayetaka kujua nani ameshinda, malipo haya ni hasara tupu. Kwa anayetaka kujua kwa nini wa tano amekuwa wa tano, nayapendekeza, na mimi mwenyewe nimeshalipia msimu ujao. Naomba warekebishe kitu kimoja: kila unapofungua programu, kamera hujirudisha kwa anayeongoza mbio, na wa kwangu inabidi nimtafute upya kule chini ya orodha.