TAHADHARI DODOMA: "Ekzosi orijino, ufundi bure", halafu wanabaki na ekzosi yako ya kiwandani

Wakuu, hasa mnaopiga boda na Boxer au TVS, someni hii kabla hamjatuma hela kwa mtu.

Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa mjini na ekzosi (mabomba ya moshi) za michezo, zile za mlio mkubwa. Picha kali, maneno matamu: orijino, stenlesi, haivuji, ufundi bure, unaondoka nayo leo leo. Bei iko chini ya wengine wote. Ukimpigia anataka advansi kwa simu ili "akushikie mzigo", kisha anakuelekeza kwa fundi wake. Ukifika huoni duka wala risiti. Unakuta fundi, mashine ya kuchomelea, grenda, na ekzosi zimejazwa kwenye kiroba. Jina na namba yake siziweki hapa, maana leo anatumia hii na kesho nyingine. Kinachobaki vilevile ni utaratibu wake, na huo ndio nataka muujue.

Mimi ni fundi pikipiki, niko Nkuhungu. Kazi zao zikiharibika zinaletwa kwangu, na nimechoka kuona vijana wanaotafuta hesabu ya bosi wakiliwa hela kwa namna ileile.

Faida yao kubwa haitoki kwenye ile silensa (kipande cha nyuma cha ekzosi kinachopunguza sauti) wanayokuuzia. Iko kwenye ile wanayoifungua. Pikipiki nyingi za biashara zinatoka kiwandani na ekzosi ya kipande kimoja, bomba na silensa vimeungana, bati zito, ndani ina vyumba vya kupunguza sauti. Iliyotumika ikiwa nzima ina soko zuri sana. Sasa wakishakufungia yao, fundi anakwambia: "Hii ya zamani tuachie, ndiyo hela ya ufundi." Wewe umeshasikia mlio mpya, umefurahi, unaitikia. Ukikataa, unaweza kukuta imeshapigwa grenda katikati kwa kisingizio kwamba walihitaji bomba. Ikishakatwa huna tena pa kurudi.

Dogo mmoja anayepaki upande wa Sabasaba aliniletea Boxer yake inapiga mabomu kila akiachia mafuta, yaani akirudisha mkono wa mafuta. Nilipofungua maungio ya bomba na silensa nikakuta kipande cha kopo la soda kimezungushwa kama bandeji, juu yake silikoni nyeusi ya madirisha. Silikoni ilikuwa imeungua, ukiigusa inapukutika kama makoko ya ugali. Sababu iko wazi: hizi silensa za "inaingia pikipiki zote" mdomo wake huwa milimita 38 hadi 51, na bomba la pikipiki ndogo ni jembamba kuliko hapo. Inatakiwa ringi ya chuma ya kupunguza mdomo, iliyochongwa kwa kipimo, halafu klampu. Wao wanajaza pengo kwa bati la kopo.

Kwenye hedi (kichwa cha injini, pale bomba linapoanzia) hali ilikuwa mbaya zaidi. Gasketi ya zamani, ile pete ya kuziba moshi, ilikuwa bado imo ndani ya tundu la kutolea moshi, imeganda na masizi mpaka unadhani ni sehemu ya hedi, na hawakuweka nyingine. Nati moja imekazwa mpaka mwisho, ya pili inachezacheza. Pembeni ya tundu kulikuwa na alama nyeusi ya moshi imepanda mpaka kwenye mapezi ya silinda. Alama hiyo ukiiona, ekzosi inavuja, usibishane na mtu.

Lakini kilichoniuma ni hiki. Yule dogo aliporudi kwao kulalamika, walimwambia kabureta imekufa. Akauziwa kabureta. Mabomu yakaendelea, akauziwa plagi. Ndugu zangu, ekzosi ikivuja karibu na hedi, ukiachia mafuta inavuta hewa ya nje kuingia kwenye bomba. Hewa ile inakutana na petroli ambayo haijaungua, inalipuka humohumo ndani ya bomba. Kabureta yake haikuwa na kosa lolote. Ni kweli silensa iliyo wazi sana inaweza kudai kabureta irekebishwe jeti (kitundu kinachopima petroli), ila hakuna fundi mwaminifu anayegusa kabureta kabla hajaziba uvujaji.

Na msione ni suala la mlio tu. Moshi unaotoka kwenye hedi ni moto mkali, unapiga mguu wako na nyaya zilizo karibu. Mbaya zaidi, ndani yake kuna kaboni monoksaidi, hewa ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Haina rangi wala harufu. Wengi wetu tunalaza pikipiki sebuleni kwa kuogopa wezi, asubuhi tunaiwasha humohumo ipate moto watoto wakiwa bado wamelala. Tafadhali isukume nje kwanza, hata kama ekzosi yako ni nzima.

Kazi ikifanywa inavyotakiwa utaiona kwa macho. Fundi anatoa gasketi ya zamani yote, anasafisha tundu mpaka chuma kinaonekana, anaweka mpya. Gasketi ya pale ikishabanwa mara moja imekwisha, hairudiwi. Nati za kwenye hedi anaziingiza kwa vidole, silensa anaining'iniza kwenye kikanyagio bolti ikiwa imelegea. Hapo ndipo anaanza kukaza hedi, kidogo huku kidogo kule, kwa zamu, mpaka bomba likae sawasawa. Kisha klampu. Bolti ya kushikilia silensa inakazwa mwisho kabisa. Hao jamaa wanaanza na hiyo ya mwisho kwa sababu inawarahisishia kazi, bomba linavutwa upande, gasketi inabanwa upande mmoja. Kwa barabara zetu za vumbi na makorongo, ukitoka Mkonze au ukienda Nala, mtikisiko unamalizia: stadi (bolti inayoshikilia bomba) inakatikia ndani ya hedi, na kuitoa pale ni kazi nyingine yenye gharama yake.

Kama kuna kuchomelea, bomba lifunguliwe likachomelewe chini. Ukiona mtu anapiga weldingi pikipiki ikiwa imefungwa kila kitu na betri haijachomolewa, mzuie, anaweza kukuulia mfumo wa umeme.

Kabla hujamalizia hela, hakikisha hivi. Injini ikiwa ya baridi, paka maji ya sabuni kwenye maungio yote, iwashe, angalia mapovu. Halafu vaa glavu nzito, ziba mdomo wa nyuma wa silensa kwa tambara lililolowa, kwa sekunde chache tu. Injini inatakiwa ielemewe au izime. Ikiendelea kuunguruma huku unasikia "fyuuu" kwenye hedi au kwenye maungio, usilipe. Baada ya siku ya kwanza ya kazi, ikishapoa, nati zikaguliwe tena, kwa sababu gasketi mpya hujikandamiza kidogo ikipata moto.

Kuhusu hiyo "stenlesi", wengi wanapima kwa sumaku, ikishika wanasema ni feki. Inasaidia, ila si kipimo cha mwisho: zipo stenlesi halisi zinazoshika sumaku. Angalia ndani ya mdomo na kwenye mistari ya kuchomelea. Chuma cha kawaida kilichopakwa kromu kinaanza kutu hapo. Zile za "kaboni" nazo zikwaruze kwa ukucha pembeni, nyingi ni stika.

Na risiti ya EFD idai. Bila risiti, hata ukienda Tume ya Ushindani, FCC, ambao ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia, au polisi, utakuwa na maneno matupu. Tunza pia ujumbe wa muamala wa ile advansi na picha za tangazo, wasije wakalifuta. Kama umeombwa hela kwa simu na mtu akaingia mitini, tuma neno UTAPELI kwenda 15040, utaulizwa namba yake.

Kwa ambao wameshafungiwa: rudini leo mkadai ekzosi zenu za zamani kabla hazijauzwa, na msiende peke yenu, nendeni na viongozi wa kijiwe. Ukiipata nzima, usiuze. Gasketi mpya na nusu saa ya kazi, pikipiki inarudi ilivyokuwa. Na anayeuziwa ekzosi ya Boxer iliyotumika kwa bei ya kutupa, amuulize muuzaji imetoka kwenye pikipiki ya nani.