Wauguzi wa kusafisha damu Mwanza: tathmini ya familia ya mgonjwa aliyepandikizwa uloto

Familia nyingi za Kanda ya Ziwa zenye watoto wa selimundu zinaifahamu Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma kwa sababu ya upandikizaji wa uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, lakini uangalizi anaouhitaji mtoto akisharudi nyumbani, hasa figo zinapoanza kushindwa kazi, hauzungumzwi vya kutosha. Mpwa wangu alifikia hali hiyo ya figo baada ya kupata maambukizi makali akiwa bado anatumia siklosporini, dawa inayozuia chembe za mchangiaji zisiushambulie mwili wa mgonjwa, ingawa yenyewe huzielemea figo. Alilazwa na kusafishwa damu katika hospitali moja jijini Mwanza, na ninayoyaandika hapa yanahusu wauguzi wa kitengo hicho.

Kila alfajiri, kabla ya chai, walimpima uzito kwa mizani ileile, akiwa amevaa nguo nyepesi zilezile, kwa kuwa kilo moja iliyoongezeka usiku mmoja ni takriban lita moja ya maji ambayo mwili umeshindwa kuyatoa. Dripu, maji ya kumezea dawa, hata uji, vyote viliandikwa. Mkojo na matapishi vilipimwa kwenye chombo chenye alama za mililita. Dada yangu alipoumwaga mkojo chooni kabla haujapimwa, muuguzi hakumkaripia. "Mama," alimwambia, "huo ndio unaomwonyesha daktari ampe mtoto maji kiasi gani leo." Tangu hapo dada hakukigusa chombo bila kumwita muuguzi.

Kwenye dawa walikuwa makini mno. Damu ya kupima kiwango cha siklosporini waliichukua kabla ya dozi ya asubuhi, wala hawakuichukua kwenye njia ya katheta (mrija ulioingizwa mshipani) iliyopitishia dawa hiyo, maana mabaki yake hupandisha majibu isivyo kweli. Diklofenaki (dawa ya maumivu), mitishamba na balungi vilipigwa marufuku. Kwa kuwa chembe sahani zake, zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa chache na angeweza kuvuja damu, walimsafisha bila heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na muuguzi akakaa karibu na mashine akiisuuza mipira kwa maji ya chumvi mara kwa mara ili damu isigandie humo.

Yapo yasiyoridhisha. Chumba cha kusafishia ni kimoja, na mtoto ambaye chembe zake nyeupe zilikuwa chini alipangiwa kitanda jirani na mtu anayekohoa. Tulipolalamika ndipo akahamishiwa zamu ya kwanza ya asubuhi, kabla chumba hakijajaa. Karatasi ya lishe nayo inataja ndizi na viazi kuwa vya kupunguza, lakini haisemi lolote kuhusu dagaa wakavu, chakula cha kila siku huku kwetu, ambao wana fosforasi nyingi na mara nyingi hutiwa chumvi.

Hata hivyo, ningempeleka mgonjwa wangu pale tena. Atakayekwenda abebe muhtasari kutoka hospitali iliyompandikiza, wenye majibu ya kreatinini (kipimo cha utendaji wa figo) ya kabla na baada ya upandikizaji pamoja na dozi za dawa zote, kwa sababu wauguzi wale huuomba siku ya kwanza kabisa na kuutumia.