Mota ya gurudumuni au ya katikati: pikipiki ipi ya umeme?

Ubishi huu wa vijiweni hauishi, na kila upande una hoja.

Mota ya gurudumuni hukaa ndani ya ringi ya nyuma. Haina mnyororo wala sproketi, kwa hiyo matunzo ni madogo na kwa kawaida bei yake iko chini. Na ukimya wake! Abiria anaongea na simu bila kupaza sauti. Ila siku ya pancha utajuta: nyaya tatu nene za umeme na nyuzi za vihisi (vinavyosoma mzunguko wa mota) hupita kwenye ekseli, na fundi asiyezoea huzikata. Tena uzito wote huo uko chini ya shokabsoba, hivyo kila shimo huipiga mota yenyewe.

Ya katikati hufungwa kwenye fremu. Sproketi ya meno 12 mbele na ya meno 48 nyuma huzidisha nguvu ya kuzungusha mara 4, ukiacha kiasi kidogo kinacholiwa na msuguano. Ukiwa na abiria na gunia mlimani, haichemki upesi. Mnyororo lakini unadai oili, kukazwa, na mwishowe kubadilishwa.

Kontrola, kisanduku kinachoongoza umeme wa betri kwenda kwenye mota, haiamui ubishi huu. Kote inasoma vihisi na kugawa umeme kwa awamu tatu, yaani kupitia nyaya tatu kwa zamu.

Kwa Dar es Salaam penye tambarare ningechukua ya gurudumuni. Kwa Lushoto au Kigali, ya katikati. Kama fundi wako anaijua moja tu, anza kuulizia bei ya hiyo.