Matilda ya 1/35: modeli nzuri, ila kasha linakupeleka jangwani

Kwenye kasha wamechora mchanga. Kifaru kinapanda tuta, vumbi linafuka nyuma yake, na hakuna hata kichaka kimoja. Ni Matilda, kifaru cha Waingereza cha Vita vya Pili vya Dunia. Modeli yake nimeimaliza wiki hii, kipimo cha 1/35, yaani ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi, baada ya jioni kumi na moja za kisu, tupa, kibano na gundi. Anayetaka kununua asidanganywe na picha. Kule jangwani, Afrika Kaskazini, Matilda ilitamba mwanzoni tu. Mizinga ya Wajerumani ilipokuwa mikubwa zaidi, siku zake zikaisha. Kwenye misitu ya New Guinea na Borneo, Waaustralia waliitumia tangu 1943 mpaka vita vinamalizika 1945. Maisha yake marefu yalikuwa matopeni, chini ya miti.

Plastiki yenyewe sina ugomvi nayo. Vipande vinakaa mahali pake bila kulazimishwa, na mabamba ya ubavuni yana yale matundu ya kumwagia tope, yamechongwa vizuri mpaka raha. Ukimaliza, kifaru kina urefu wa sentimita 16 hivi. Nilipima kwa rula: chuma cha mbele cha Matilda halisi kilikuwa na unene wa milimita 78, kwa hiyo kwenye modeli ni milimita 2 na kidogo. Nilikaa na kipande kile mkononi kwa muda. Unene huo ndio ulioifanya isogee karibu kabisa na handaki la Wajapani bila kutobolewa na mizinga yao midogo ya milimita 37.

Minyororo ni vipande vidogo vidogo, na ndiyo iliyonilia jioni tatu. Mgeni wa kazi hii atakasirika. Avumilie.

Kasoro kubwa ni karatasi ya maelekezo. Rangi zote ni za mchanga, alama zote ni za Afrika Kaskazini. Zaidi ya hapo, kola ya chuma ambayo Waaustralia waliizungushia shingo ya mnara haimo. Pale mnara unapokutana na mwili ndipo palipokuwa na udhaifu: ukipigwa hapo, unakwama na mzinga haugeuki. Niliikata mwenyewe kutoka kwenye kipande cha plastiki tupu, nikaiharibu ya kwanza, ya pili ikakubali. Mtengenezaji angeweza kuitia kwenye fremu inayobeba vipande bila shida, kwa kuwa nafasi ipo.

Nadhani hawakuitia kwa sababu wanaamini kama wengi wanavyoamini, kwamba msituni si mahali pa kifaru. Imani hiyo iliwahi kuua watu. Wajapani waliposhuka Malaya Desemba 1941, Waingereza hawakuwa na kifaru hata kimoja huko. Alfajiri ya tarehe 7 Januari 1942, vifaru vichache vya Kijapani vilipenya kwa barabara kuu pale Slim River, vikapasua brigedi mbili na kulifikia daraja kabla halijalipuliwa. Wiki tano na siku chache baadaye Singapore ikaanguka.

Kule Buna, New Guinea, Desemba 1942, somo lilikuja kwa upande wa pili. Mahandaki ya Wajapani yalikuwa ya magogo ya minazi na udongo, yameota majani juu, tundu la kufyatulia halionekani mpaka uwe hatua chache. Ndege hazikuyaona, na makombora mengi yalipasuka juu ya miti. Askari wa miguu wa Australia na Marekani walilala chini wakichinjwa. Ndipo vikaletwa Stuart, vifaru vyepesi vilivyoundwa kwa mbio. Vikanasa juu ya visiki na kuchomwa moto, lakini mahandaki yalianza kufunguka. Baada ya hapo, kuchagua kifaru kizito kinachotembea mwendo wa mtu kulikuwa na mantiki yote. Novemba 1943, Matilda za Waaustralia zilipanda njia nyembamba ya Sattelberg, kilima cha New Guinea, katikati ya mianzi, wahandisi wakitegua mabomu ya ardhini mbele, askari wakilinda ubavu ili mtu asiruke na bomu kutoka vichakani. Tarehe 25 kilima kilikuwa chao.

Kwa hiyo ukinunua modeli hii, tumia mzinga mfupi wa inchi 3 uliomo kashani, usitumie ule mwembamba. Huo mfupi ulirusha kombora la kulipuka, na handaki linataka mlipuko.

Sanamu ya kamanda imenigusa kuliko vyote. Amesimama, kifua nje ya mfuniko. Nilipompaka uso nilikumbuka kilima cha Nunshigum karibu na Imphal, India, tarehe 13 Aprili 1944, kwenye mapigano yaleyale ya kuigombea Burma, ambayo wazee wa Keya (jeshi la King's African Rifles) waliiita Bama. Vifaru vya Lee vilipanda ukingo uliokuwa mwembamba mno kiasi kwamba makamanda walilazimika kutoa vichwa nje ili waone njia. Maofisa wa vifaru wote waliuawa. Sajini-meja akashika uongozi, kilima kikatekwa. Mchongaji wa sanamu hii amempa kamanda macho yaliyofinywa kama anayetafuta kitu karibu, si mbali, na hilo nampongeza kwa moyo wote.

Kama unajua kazi, inunue. Kama ndiyo modeli yako ya kwanza, tafuta yenye mnyororo wa mpira kisha urudi kwa hii. Rangi iwe kijani cha msituni, na tope lipande mpaka katikati ya mabamba.

Mimi nimebandika kisanduku kidogo nyuma, cha simu ambayo askari wa miguu aliitumia kuongea na walio ndani. Nimemweka mmoja pale, ameinama, kipokezi sikioni, mkono mwingine unaonyesha kichaka kilicho upande wa kushoto.