Uzoefu wangu: mazabodi ya mtumba kwenye kompyuta ya sebuleni

Hii kompyuta yangu haina kazi kubwa, inakaa chini ya TV icheze muvi na miziki iliyoko kwenye hadi diski, ina mfumo wa Linux na Kodi (programu ya kuchezea muvi na miziki) basi. Ila siku ikigoma ndo unajua nyumba nzima inaitegemea. Ilianza kujizima katikati ya muvi, baadae ukibonyeza feni zinazunguka sekunde mbili zinakata, zinazunguka tena zinakata, TV giza tupu.

Nikailaumu pawa saplai. Nikachomoa ile plagi ya pini 24, nikaunganisha waya wa kijani na mweusi, ikawaka vizuri tu, ila kuwaka bila mzigo si ushahidi kwahiyo nikaazima nyingine nikaifunga, ikawa vilevile. Nikajaribu rami moja moja, nikabadili betri ya CR2032, wapi. Nikatoa mazabodi (ile bodi kuu inayobeba kila kitu) nje nikamulika na tochi, kumbe pale karibu na plagi ya umeme wa prosesa pana doa jeusi na ukinusa unasikia kabisa harufu ya kuungua. Vumbi lilikuwa limejaa humo kama godoro, na kabati lenyewe halipitishi hewa, so na mimi nina lawama zangu.

Sasa kutafuta nyingine, hapa ndo niliumiza kichwa kuliko kufunga skrubu zote. Prosesa yangu ni i3-6100, soketi (pale prosesa inapokaa) ni LGA1151, nikaona bodi ya H310 mpya kabisa na muuzaji ananiambia soketi ni 1151 itaingia tu. Itaingia kweli ila haitawaka, maana soketi ni jina moja ila H310 ni ya Intel kizazi cha 8 na cha 9, mimi cha 6 nahitaji za kina H110, B150, H170 au B250 za kizazi cha 7 zilizofuata. Tena kuna H110 za rami aina ya DDR3 na za DDR4, rami hazibadilishani hata kale kapengo ka katikati kamekaa sehemu tofauti. Na keisi yangu ni ndogo inapokea mini-ITX tu, yaani sentimita 17 kwa 17. Ukijumlisha yote hayo mpya hupati, nikachukua H110 ya mtumba. Kabla ya kulipa nikaomba picha ya soketi kwa karibu, kwa hizi soketi pini ziko kwenye bodi sio kwenye prosesa, ikipinda moja tu umenunua kigae.

Ilikuja safi, pini zimenyooka, ila ile bati ya nyuma ya kufunika matundu ya keisi haikuwepo. Kuifunga sina la kusema sana, futa pesti ya zamani ya kupoza prosesa, weka tone jipya katikati, skrubu nne. Vile vijiwaya vya swichi ya keisi ndo mateso, ukiwa na vidole vinene pole sana.

Nikawasha, picha ikaja! nikashangilia mapema, BIOS (programu ya bodi inayoanza kabla ya Linux) inaiona diski ila inasema hakuna cha kuwasha. Nikajua diski nayo imekufa, kumbe kwenye UEFI, yaani BIOS za kisasa, ile kumbukumbu ya wapi pa kuanzia Linux inakaa kwenye mazabodi, so iliondoka na bodi ya zamani. Nikawasha na flashi nikairudisha kwa amri ya Linux inayoitwa efibootmgr, dakika tano. Ikaingia mpaka Kodi bila kulalamika, ila mtandao hamna, kadi ya mtandao imebadili jina kutoka enp3s0 kuwa enp1s0 na seting zangu za IP zilikuwa za lile jina la kwanza. Na rauta nayo inaiona kama mgeni coz MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) ni nyingine, ikabidi niitengee anwani upya.

Kilichonitesa siku mbili ni rimoti. Kuzima inazima, kuwasha hataki. Kile kipokeo cha rimoti kiko kwenye USB na nikagundua kompyuta ikizimwa tu kataa kake kanazima. Kwenye BIOS kuna kitu kinaitwa ErP, kikiwa kimewashwa kinakata umeme wa USB kompyuta ikizimwa, muuzaji au mwenye nayo wa kwanza alikiacha hivyo. Nimekizima, rimoti ikafufuka. Hapohapo nikaweka umeme ukirudi ijiwashe yenyewe.

Sasa ina miezi miwili, haijajizima hata mara moja, kabati nimelitoboa nyuma. Kwa 4K usitegemee makuu, HDMI yake inaishia fremu 30, kwa muvi inatosha maana nyingi ni fremu 24, kwa gemu ndo utalia. Naipa nne kati ya tano, hiyo moja naikata kwa sababu ya plagi ya feni ya keisi kwenye bodi, inajua kupunguza spidi ya feni za pini 4 tu na yangu ni ya pini 3, inazunguka mwisho wa uwezo wake muda wote. Juzi kwenye sini moja ya kimya mwanangu akauliza kama ni mvua huko kwenye muvi.